Mwalimu wa Ndege Zilizoanguka

Mwalimu hakulipenda neno ajali. Ukilitamka darasani, aliweka chaki mezani, akapangusa vidole kwenye koti lake la kijivu, akakungoja. Tulikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni kwenye vilima vya Mbooni, ambako asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia hadi darasani na kukaa nasi, na yeye ndiye aliyetufundisha fizikia.

“Ajali ni nini?” aliuliza siku moja, baada ya mwenzetu kusema kwamba pikapu ya maparachichi imepata ajali kwenye mteremko wa sokoni.

“Ni kitu kimetokea tu, Mwalimu.”

“Kimetokea tu. Kama mvua?”

“Eeh, kama mvua.”

“Hata mvua ina sababu. Simama hapo mpaka uniambie breki za hiyo pikapu zilikuwa aje.”

Mwenzetu alisimama mpaka kengele. Hakuna aliyejua breki zilikuwa aje. Tulicheka chini ya madawati, maana Mwalimu mwenyewe alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliteremka nayo vilima vile akilisimamisha gurudumu la mbele kwa soli ya kiatu, na kila muhula alimpelekea fundi viatu vile vile vibandikwe soli mpya. Tulipomuuliza, alijibu, “Hii baiskeli inaweza kuua mtu mmoja tu, na huyo mtu anajua.”

Alikuwa amesomea ufundi wa ndege huko Urusi, wakati ule bado inaitwa Umoja wa Kisovieti. Alikaa miaka sita, akarudi na diploma yenye muhuri mwekundu na herufi ambazo hakuna karani aliyeweza kuzisoma. Watu walisema ndiyo sababu hakupata kazi uwanja wa ndege, ati karatasi za upande ule zilidharauliwa. Yeye hakukubali wala hakukataa. Alichukua kazi ya ualimu, akaifanya mpaka akastaafu, kisha akaikimbia baridi ya Mbooni kwa sababu ya kifua chake, akashuka hadi kwetu Ikutha, akawa anatengeneza mashine za posho na pampu za visima. Ikutha walimwita Fundi wa Ndege, ingawa hakuna aliyewahi kumwona karibu na ndege. Mimi sikuacha kumwita Mwalimu.

Ni haki msomaji anijue na mimi. Ni mtoto wa Ikutha, nimelelewa kwa ndengu na maziwa ya mbuzi, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikwenda Doha kufagia ukumbi wa mizigo katika uwanja wa ndege. Nilipoondoka huko miaka kumi na mmoja baadaye, nilikuwa mkuu wa mafundi wa mikanda ya mizigo, na nilikuwa na diploma ya uhandisi wa mitambo niliyoisomea baada ya zamu, wenzangu wakilala. Diploma hiyo iko kwenye fremu sebuleni kwangu, na mgeni akiketi kwenye kochi hawezi kuikwepa. Chini yake kuna vyeti vitatu vya usalama kazini. Niliporudi nilileta trekta na mashine ya kupura ndengu, ya kwanza upande wetu, na kazi iliyochukua wanawake kumi na fimbo zao siku tatu, mimi niliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Watu wakaanza kuniita Injinia. Mimi si injinia, ni mwenye diploma, lakini sikumsahihisha mtu.

Na kila nilichokijua kuhusu mitambo kabla ya Doha nilikuwa nimepewa na Mwalimu, kwa hadithi za ndege zilizoanguka.

Alizisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Kule, alituambia, ndege ikianguka gazeti halikuandika, labda iwe na wageni ndani yake. Nchi ile haikutakiwa kuwa na ndege zinazoanguka. Kwa hivyo wanafunzi walijua kwa njia nyingine. Mama mtunza bweni alikuja kazini na kitambaa cheusi kichwani. Mwenzao aliitwa ofisini katikati ya somo na hakurudi mpaka wiki ya pili. Halafu mkufunzi wao mmoja mzee, ambaye alikuwa akikaa kwenye tume za uchunguzi, alifunga mlango wa darasa, akachora ubaoni jinsi ndege ilivyokwenda na mahali ilipovunjika, akaufuta ubao kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, ndipo akafungua mlango. Mwalimu naye alifuta mara mbili. Alifuta mara mbili kule Mbooni, ambako hakuna aliyemkataza kuchora.

Kulikuwa na hadithi ya mtu wa mnara wa kuongozea ndege. Mvua ilikuwa imenyesha, kulikuwa na giza, na magari ya kukausha njia ya ndege yalikuwa kazini. Mtu wa mnara akasinzia. Alipozinduka akaulizwa kama njia iko wazi, akasema iko wazi. Ndege ikatua juu ya magari.

“Kosa la nani?” Mwalimu aliuliza.

“La aliyelala!” darasa zima likajibu.

“Mmemaliza? Haya. Huyo mtu alikuwa na watoto wadogo nyumbani, hajapata usingizi siku kadhaa. Nani alimpanga zamu? Magari yalikuwa na taa juu, madereva wakazizima kwa sababu ziliwachoma macho. Nani aliwaruhusu? Mnarani palikuwa na watu wengine. Walikuwa wapi? Nyinyi mnamfunga mmoja mnaenda kula githeri. Kesho ndege nyingine inatua juu ya magari mengine.”

Kulikuwa na hadithi ya barafu kwenye mabawa, na ya mizigo iliyopakiwa nyuma kupita kiasi kwa sababu kila abiria alikuwa na jamaa wa kupelekea kitu. Lakini aliyoipenda zaidi ilikuwa ya rubani aliyewaambia wenzake kwamba anaweza kutua bila kutazama nje, kwa kusoma vipimo tu. Wakawekeana dau. Akavuta mapazia ya kioo, abiria wakiwa nyuma wamefunga mikanda yao na kungoja kufika nyumbani.

“Si alikuwa mwehu huyo, Mwalimu?”

“Hapana. Alikuwa hodari. Mwehu hapewi ndege.”

Hiyo aliisimulia akiniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani na nilitembea kama wa kwanza darasani.

Juu ya hadithi zote, kulikuwa na swali moja alilotuachia. Ukisoma ripoti na imesema kosa ni la marubani, alisema, usiendelee kusoma kabla hujauliza nani alibaki hai. “Rubani aliyekufa ni mtu mzuri sana wa kulaumiwa. Habishi. Haiti wakili. Aliyechora ile ndege yuko hai, mkuu wa uwanja yuko hai, fundi yuko hai, na wote wana kalamu.” Nililiandika hilo ndani ya jalada la daftari langu. Nilikwenda nalo Doha. Nililirudia mbele ya mkubwa wangu wa kazi katika mkutano mmoja, akaniuliza nimelisoma wapi, nikamwambia ni langu.

Nisimfanye kuwa malaika. Alikuwa na ukaidi wa kuchosha. Chai yake ilikuwa kashfa ya mtaa: ya rangi, bila maziwa, na kijiko cha jemu ya mapera alichokitumbukiza ndani kama walivyomzoesha kule. Marehemu mke wake alikuwa akisema mbele ya wageni, “Mimi niliolewa na mtu anayekunywa mkate.” Alikuwa mpole kwa wanafunzi na mkali kwa watoto wake wa kuzaa. Akitengeneza mashine ya posho, hakuiwasha mpaka mwenye mashine aitazame kila nati pamoja naye, na akina mama wenye mahindi kwenye foleni walimtukana kwa Kikamba na Kiswahili, akaitikia kwa lugha zote mbili, “Asanteni.” Wakati huo huo paa la jiko lake lilivuja miaka mingi na hakulipandia.

Aliporudi kutoka Urusi hakusema ameokoka, lakini hakukosa kanisa Jumapili hata moja. Alikaa kiti cha mwisho, kando ya mlango. Pasta alimsifu siku moja kwa unyenyekevu.

“Si unyenyekevu,” Mwalimu alininong’oneza. “Ni mlango. Nyumba hii ina watu wengi hivi na mlango mmoja.”

Aliwaandikia wazee wa kanisa barua, na akaandika tena na tena, mpaka wakachoka, wakatoboa mlango wa pili. Yeye akabaki kwenye ule wa kwanza.

Na hakupanda ndege. Nilipokuja likizo mara ya pili, nikiwa na suti ya Doha na saa inayong’aa, nilimkatia tiketi ya ndege ya Kisumu, kwenye harusi ya mwanafunzi wake wa zamani. Kusema kweli nilitaka aone nimekuwa nani. Alinishukuru kwa mikono miwili, kisha akapanda basi, akasafiri siku nzima, akafika miguu imevimba.

“Mwalimu, fundi wa ndege anaogopa ndege?” nilimtania mbele ya watu.

“Siogopi ndege,” alisema. “Naogopa mtu kama mimi.”

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa niseme nilichofanya.

Kati ya trekta na mashine ya kupura kuna shafti, chuma kirefu kinachozunguka kwa kasi mpaka jicho linadhani kimesimama. Kinatengenezwa kikiwa na kifuniko cha plastiki chenye umbo la bomba, ambacho hakizunguki, ili nguo au mkono ukigusa usishikwe. Kifuniko changu kilikuwa na ufa. Kilipiga kelele, kilikusanya makapi, na kila nilipohamia shamba jingine kilinichelewesha kufunga na kufungua. Nilikitoa. Doha niliwahi kumwandikia mtu wa Nepal barua ya kufukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Ilikuwa msimu wa kuvuna ndengu, na wingu lilikuwa limeanza kukaa vibaya upande wa mto. Nilikuwa katika shamba la mjane mmoja, mwanachama wa mwethya, kundi la wanawake wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Kila mtu alikuwa mbio, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, “Haraka, mama zangu, mvua haina huruma!” Mjane akapita kati ya trekta na mashine kuokota gunia. Alikuwa na leso shingoni na mabegani kwa sababu ya vumbi la makapi, ambalo linawasha kama upupu. Mimi nilikuwa juu ya trekta. Nilizima injini, lakini nilikuwa nimechelewa. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Neno “leso” sikulisema wa kwanza. Lilisemwa na mtu fulani pale shambani, nikalisikia likipita kutoka mdomo hadi mdomo, na nikahisi kifua changu kikifunguka. Chifu alipokuja akaniuliza, nikamwambia leso. Akaandika leso.

Kanisani siku ya mazishi nilikaa mbele na wageni wa heshima. Nilipewa maikrofoni. Nilitoa pole, kisha nikaanza kufundisha. Nilieleza mzunguko wa shafti, nikataja Doha, nikataja vyeti. “Mama zetu, jamani,” nilisema, “mashine si jiko. Leso na mashine haviendi pamoja. Tusiondoke hapa bila somo.” Watu wakaitikia amina. Spika zilikuwa nje pia, kwa waliokosa nafasi, kwa hivyo hata waliokuwa sokoni walisikia. Nikiwa bado nasema, nilimwona Mwalimu akiinuka kando ya mlango na kutoka.

Alikuja karakana kwangu kesho yake, kwa ile baiskeli. Hakuketi.

“Shafti ilikuwa na kifuniko?”

“Mwalimu, hii si ndege.”

“Nimeuliza kifuniko.”

“Kilikuwa kimeharibika.”

“Kilikuwa kimeharibika, ama kilikuwa kimetolewa?”

Mafundi wangu wawili waliacha kupiga nyundo. Hilo ndilo lililonitoa akilini, kwamba wanasikia. Nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu aliyenizidi umri. “Wewe na diploma yako ya Urusi hujawahi kumiliki hata tela. Wachia mashine wenye mashine, Mzee.” Nilimwita Mzee. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hakukasirika. Aliliangalia trekta, halafu mimi. “Leso ilikuwa ya nani?”

“Si ya marehemu?”

“Ya binti yake. Mama alilalamika shingo inawasha, binti akaivua leso yake mwenyewe akamfunga, akakaza fundo nyuma ili isidondoke. Jana umemwambia mbele ya kanisa zima kwamba amemuua mamake.” Akapanda baiskeli. “Nenda ukamwambie. Ni sentensi moja.”

Sikwenda. Wiki ile ile niliagiza kifuniko kipya, cha rangi ya manjano, na watu wakanisifu kwamba mimi ni mtu wa usalama. Kundi la mwethya likapitisha sheria kwamba hakuna kuja na leso kwenye mashine, na sheria ile ikapewa jina langu: sheria ya Injinia. Kwa misimu miwili nilimkwepa Mwalimu. Nilimwona kwenye duka la mbolea, nikageuka. Nilimsikia akikohoa kanisani, nikaondoka kwa mlango wa pili, ule alioupigania yeye.

Binti ana chumba cha kushonea hapo sokoni Ikutha, anashona sare za shule. Habari zake zilinifikia bila kuziuliza. Alikuwa haendi tena kwenye kundi. Leso zake zote alizigawa. Na kitu kimoja ambacho mke wangu alinieleza bila kujua anamweleza nani: mteja akijaribu gauni na kuomba afungwe mshipi nyuma, binti yule humwita mwanamke wa duka la jirani aje afunge. Yeye mwenyewe hafungi fundo kwenye mwili wa mtu. Nilikuwa nakula. Nilisukuma sahani, nikasema ugali haujaiva.

Mwaka huu kifua cha Mwalimu kiliharibika. Alinipigia simu mchana mmoja. “Pampu yangu haivuti maji. Njoo na spana zako.” Nilikwenda kwa sababu ni kazi, na kazi siiogopi. Pampu ilikuwa nzima. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kisima, koti la kijivu begani na jua la Ikutha kichwani, anapumua kama mtu aliyepanda kilima.

“Pampu iko sawa, Mwalimu.”

“Najua. Kaa.”

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana mkononi.

“Nilikuwa mwaka wa tano,” alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. “Walitupeleka karakana ya uwanja mmoja kwa mazoezi. Mwisho wa mwezi. Mpango wa kazi haujatimia, mkuu anataka ndege zitoke. Baridi ya kule, ukigusa chuma ngozi inabaki. Nilitakiwa kupanda mkiani, nitazame kama pini moja iko mahali pake. Nilibaki kibandani, penye jiko. Nikaweka sahihi kwamba nimeiona.”

“Na ndege?”

“Ilianguka. Baada ya wiki mbili. Tume ikasema kosa ni la marubani.”

Kuku wake walikuwa wakiparua miguuni pake.

“Pengine pini ilikuwepo,” alisema. “Pengine marubani walikosea kweli. Sijui, na sitajua. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mgeni, kila mtu alinipenda.”

“Lakini, Mwalimu, watu wanasema ofisi za Nairobi zilikataa karatasi zako.”

“Sikuwahi kuzipeleka popote. Wewe ungenipa ndege?” Alikohoa muda mrefu, nikamshika bega, naye akautoa mkono wangu taratibu. “Waliokuwa ndani sijui hata jina la mmoja. Ningetaka kubisha mlango, ningebisha wapi? Wewe wako anashona sare hapo sokoni. Ana mlango, na uko wazi mpaka saa kumi na moja.”

“Nitaenda, Mwalimu.”

“Sema kwanza. Hapa.”

“Niseme nini?”

“Ile sentensi.”

Nilianza na ufa wa plastiki. Akatikisa kichwa. Nikaanza na mvua. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikasema, “Nilitoa kifuniko.”

“Fupi, si ndiyo?” alisema. “Sasa nenda.”

Binti alikuwa kwenye cherehani. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mkubwa, kisha akaona uso wangu, mguu wake ukasimama kwenye kanyagio. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni. Nilisema nilitoa kifuniko kwa mkono wangu, wiki kadhaa kabla ya siku ile, na kwamba kingekuwepo, leso isingeshikwa.

Alikigeuza kiti, akanielekea.

“Kwa hivyo ningemfunga sweta?” aliuliza.

“Ingeshika sweta.”

“Na singemfunga kitu?”

“Sijui. Nguo yake ilikuwa ndefu. Lakini kifuniko kingekuwepo, ungemfunga leso kumi.”

Aliinua sare aliyokuwa akishona, akaitazama mshono, akaiweka chini. “Ni nani mwingine anajua?”

“Mwalimu. Fundi wa Ndege.”

“Yeye aliniambia siku ya tatu tu baada ya mazishi. Nilidhani ananipoza, kama wazee wanavyopoza mtu.” Sasa alikuwa amesimama. “Injinia, wewe ulisema kwa spika. Hutayafuta hapa mlangoni kwangu kwa sauti ya kunong’ona. Pole yako sitaki. Jumapili.”

Jumapili ile nilimwomba Pasta dakika tano. Alifikiri nataka kutoa shukrani kwa mavuno, akaniita kwa majina yangu yote. Mwalimu alikuwa ameletwa na boda boda, ameketi kwenye kiti chake, kiganja nyuma ya sikio. Binti alikaa katikati ya wanawake wa mwethya. Nilishika maikrofoni, nikasema mimi si injinia. Nikasema nilitoa kifuniko cha shafti kwa sababu kilinichelewesha. Nikasema mjane yule hakufanya kosa, na aliyemfunga leso hakufanya kosa, na niliyoyasema siku ya mazishi nikiwa nimesimama mahali hapa yalikuwa uongo.

Hakuna aliyeitikia amina. Pasta akainuka haraka, uso umelowa jasho, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu.

“Wapendwa, si rahisi mtu mkubwa kujinyenyekeza hivi. Tumsamehe ndugu yetu, tumwachie Bwana. Kwaya, tuimbe—”

“Pasta, ngoja.” Binti alikuwa amesimama. “Hajamaliza.”

“Dada yangu, amesema yote.”

“Hajasema kifuniko kilikuwa wapi siku hiyo.”

Pasta akaniangalia, akanirudishia maikrofoni. Nilitafuta jibu jingine. Stoo. Nyumbani. Kwa mchomeleaji, kikizibwa ufa. Kule nyuma Mwalimu alikuwa ameinamia fimbo yake, anangoja, vile alivyongoja akiwa ameweka chaki mezani.

“Kilikuwa kwenye trekta,” nilisema.

“Trekta ni kubwa. Wapi kwenye trekta?”

“Chini ya kiti,” nilisema. “Nilikuwa nimekikalia.”